Mtoto wa Makao Akilia, Nani Husikia?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili, mizaha ya bwenini na habari za mashindano ya ngonjera. Mimi mwaka huu sina shairi. Nina jambo ambalo limenikaa kooni mithili ya mfupa wa samaki, na mwalimu mlezi wa chama amenishauri nilitoe kwa kalamu. Nitaeleza jinsi malalamiko ya mtoto anayeishi katika makao yanavyochunguzwa, na hasa ni nani humsimamia yule anayechunguza. Pengine utauliza, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa sekondari? Subiri kidogo tu, utaona.

Siku ya ziara

Muhula wa pili mwaka jana chama chetu kilizuru makao fulani ya watoto, si mbali sana na mji wetu wa Machakos. Jina lake silitaji, na sababu nitaieleza mbele. Tulibeba unga, miche ya sabuni na vitabu vya hadithi. Tulipokewa kwa vifijo na nderemo. Watoto walituimbia, nasi tukawaigizia mchezo wa Sungura na Fisi, kisha tukala muthokoi na kunywa soda. Meneja alikuwa mtu wa tabasamu, akatushukuru hadi tukaona haya.

Jua lilikuwa kali siku hiyo, lakini mtoto mmoja wa miaka tisa hivi alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu. Nilikuwa nikimsomea kitabu chini ya mti. Ghafla akaniuliza, "Dada, kwenu shuleni usiku mlango unafungwa na nani?"

Nikamwambia, "Tunaufunga sisi wenyewe, kwa ndani."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sisi tunafungiwa kwa nje. Na ukikojoa kitandani unalala pale barazani, na kesho yake huli." Akavuta mkono wa sweta, nikaona alama. "Usimwambie Anti," akasema, kisha akafunua ukurasa wa kitabu kana kwamba hajatamka neno.

Basi tukarudi shuleni tukiimba ndani ya basi. Mimi niliimba pia. Nilikaa na maneno yale siku tisa bila kumwambia mtu. Nilijiambia kwamba watoto hutunga hadithi, ati pengine alama ile ni ya kuanguka tu. Nilijiambia kwamba watu wale walitupa soda na heshima, sasa niende kuwaharibia jina? Zaidi ya yote nilijiambia kwamba yeye mwenyewe aliniomba nisiseme. Mwoga ana sababu nyingi, na zote hufanana na busara.

Siku ya kumi mwalimu alitusimulia habari za Kyanguli. Wengi wetu tulizaliwa baadaye, lakini wazazi wetu wanaikumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, hapa hapa Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Moto uliwashwa makusudi, lakini waliokuwa ndani walishindwa kutoka kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwalimu alipotamka neno "umefungwa" nilihisi damu ikinisimama. Niliona mlango wa yule mtoto, umefungwa kwa nje, na funguo iko kwa mtu aliyelala nyumba nyingine. Kipindi kilipoisha nilimfuata mwalimu mlangoni nikamweleza yote.

Mwalimu hakuniuliza, "Una uhakika?" Aliniuliza, "Ilikuwa siku gani?" Kisha akachukua kalamu, akaandika maneno ya mtoto kama nilivyoyasikia, bila kuyapamba, akatia tarehe. Kesho yake asubuhi alinipeleka kwa afisa wa watoto. Kuanzia hapo nilianza kujifunza mambo ambayo sikuwahi kuyaona katika kitabu chochote cha shule. Baadaye, muhula wa tatu, afisa huyo alikubali kuja kuzungumza na chama chetu. Nitamwita Bi. Afisa tu, maana hakutaka sifa. Mengi ya yafuatayo niliyapata kwake, na mengine nimeyasoma katika sheria zenyewe.

Dhuluma ni nini, na kutelekeza ni nini?

Wengi wetu tukisikia "dhuluma" tunafikiria kiboko au mambo ya aibu yasiyotamkika. Kumbe kuna upande wa pili. Dhuluma ni kutenda: kupiga, kuchoma, kutusi, kumgusa mtoto vibaya, kumfanyisha kazi nzito. Kutelekeza ni kutotenda: kutompa chakula, kutompeleka hospitali akiugua, kuwaacha watoto usiku bila mtu mzima, kuwafungia ndani bila njia ya kutokea moto ukizuka. Aliyetelekezwa huenda asiwe na alama yoyote mwilini, na kwa hivyo kisa chake ni kigumu zaidi kukigundua.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, aina zote za ukatili na adhabu za kinyama, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Haisemi "kila mtoto aliye na wazazi". Inasema kila mtoto. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imekwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, mwezi Julai 1990. Mkataba huo, kifungu cha 25, unataka mtoto aliyewekwa mahali pa kulelewa awe akiangaliwa upya mara kwa mara: bado anafaa kuwa pale? Anatunzwaje? Yaani kumweka mtoto katika makao si sawa na kuweka gunia ghalani ukafunga mlango ukaenda zako.

Fauka ya hayo, tuna Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001. Kwa mujibu wa sheria makao ya watoto hayaendeshwi kiholela. Lazima yasajiliwe, na yanaweza kukaguliwa na hata kufungwa yakikiuka masharti. Wanaohusika ni Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto na maafisa wa watoto walio katika kaunti na kaunti ndogo.

Kwa nini makao ni mahali pagumu kuchunguza?

Mtoto anayepigwa nyumbani ana jirani anayesikia, ana shangazi, ana mwalimu wa darasa, ana nyanya huko Kathiani au Masii anayeweza kumkimbilia. Mtoto wa makao mara nyingi hana hao. Anayempikia ndiye anayemtibu, ndiye anayempeleka kanisani, ndiye anayeandika ripoti yake, na huenda ndiye anayempiga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto huyo akisema leo, usiku analala wapi? Pale pale!

Kisha kuna watu wazima. Mfanyakazi aliyeona kitu anaogopa kupoteza kazi. Meneja anaogopa wafadhili wataondoka. Majirani wanaona mahali pale panasaidia maskini, hivyo kumshuku mwenyewe ni kama kumtukana padri madhabahuni. Hata mgeni, kama mimi, anafungwa mdomo na soda moja.

Uchunguzi huendaje?

Bi. Afisa alitueleza hatua kwa lugha nyepesi, nami nitazipanga.

Kwanza ni kupokea taarifa. Taarifa inaweza kuletwa na yeyote: mtoto mwenyewe, mwanafunzi, mwalimu, daktari, chifu, hata mtu asiyetaja jina lake. Huhitaji ushahidi. Kazi yako ni kusema ulichoona au kusikia. Kutafuta ushahidi ni kazi ya wengine.

Pili ni kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, kuna mtoto aliye hatarini usiku wa leo? Jibu likiwa ndiyo, mambo ya karatasi yanangoja. Mtoto hutafutiwa mahali salama. Hapa Machakos kuna kituo cha serikali cha kuwaokoa watoto, na wakati mwingine jamaa wa karibu hupatikana. Hata hivyo Bi. Afisa alituonya kwamba kumwondoa mtoto nako kuna maumivu. Ikiwezekana ni afadhali mshukiwa aondolewe kazini kwa muda kuliko mtoto aondolewe shuleni na kwa rafiki zake. Mtoto akihamishwa mbio mbio anaweza kudhani yeye ndiye aliyekosa.

Tatu ni matibabu. Ikiwa mtoto amenajisiwa, saa zina thamani kubwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zianzwe kabla ya saa 72 kwisha. Nguo zisifuliwe, mtoto asiogeshwe kwanza. Hati ya P3 hutolewa na polisi bila malipo na hujazwa na daktari. Ukiambiwa uinunue, unadanganywa.

Nne ni mahojiano. Mtoto husikilizwa mbali na makao na bila mtu yeyote wa makao kuwapo. Maswali huwa ya wazi: "Niambie kilichotokea," si "Anti alikupiga, sivyo?" Swali la pili limekwisha kubeba jibu, na mbele ya hakimu wakili atalichana kama karatasi kuukuu. Aidha, mtoto asihojiwe na watu watano, kila mmoja akianza upya. Mimi mwenyewe, siku ile ofisini, nilitaka kueleza mara ya pili na ya tatu ili niaminike. Bi. Afisa alinizuia kwa upole: "Inatosha, mwanangu. Umesema. Sasa ni zamu yetu."

Tano ni kusoma vitabu vya makao. Hapa ndipo nilipostaajabu. Kuna kitabu cha kupokea watoto, ratiba ya wafanyakazi wa zamu ya usiku, kitabu cha dawa, kitabu cha stoo na cha matukio. Mchunguzi huhesabu vitanda, kisha sahani, kisha majina. Majina yakiwa arobaini na vitanda ishirini na tano, tayari kuna swali. Ikiwa kitabu cha matukio hakina hata tukio moja mwaka mzima katika nyumba yenye watoto arobaini, je, ni malaika wale? Kurasa tupu nazo huzungumza.

Sita ni kuamua. Mambo matatu huendeshwa pamoja bila kukanyagana. Polisi na waendesha mashtaka wanauliza kama kuna kosa la jinai. Afisa wa watoto na Mahakama ya Watoto wanauliza mtoto akae wapi na atunzwe na nani. Wanaosajili makao wanauliza kama nyumba ile iendelee kuwa na watoto. Mtu anaweza kukosa kutiwa hatiani mahakamani kwa uchache wa ushahidi, na bado ikaamuliwa kwamba hafai kulea watoto. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Na msimamizi je?

Sasa tumefika kwenye kiini. Afisa anayechunguza ni binadamu. Anaweza kuchoka, kuogopa, kudanganywa, au kuwa rafiki wa meneja. Ndiyo maana juu yake kuna msimamizi. Maafisa wa kaunti ndogo wako chini ya mratibu wa huduma za watoto wa kaunti, na askari wa dawati la watoto yuko chini ya mkuu wa kituo. Msimamizi mara nyingi hamwoni mtoto. Anaona faili. Kazi yake ni kulisoma faili kama mwalimu anavyosahihisha insha, akitafuta kilichorukwa.

Nilimwuliza Bi. Afisa, "Madam, msimamizi mzuri anauliza nini?" Akacheka, akasema maswali hayo angeyaota hata usingizini. Niliyaandika haraka haraka.

Taarifa ilifika siku gani, na mtoto alionwa siku gani? Zikipita siku nyingi katikati, nani alikuwa akingoja nini? Alama za mwilini hupona na mashahidi hupatanishwa maneno.

Wewe unayechunguza, una uhusiano gani na makao haya? Kama ni wewe uliyemleta mtoto pale, au ni wewe uliyeyapendekeza yasajiliwe, basi kaa kando, mwingine achunguze. Si kwamba wewe ni mwizi. Ni vigumu tu mtu kuona kosa katika kazi ya mikono yake mwenyewe.

Ulizungumza na mtoto, au ulizungumza na meneja kuhusu mtoto?

Ulifika bila kutangulia kupiga simu? Uliona usiku pakoje? Mchana kila makao hufagiliwa. Shida za watoto nyingi huamka taa zikizimwa.

Ulizungumza na watoto wengine? Mmoja akipigwa, mara nyingi si yeye peke yake.

Baada ya ziara yako, mtoto yule alipata adhabu? Ulirudi kuangalia? Swali hili lilinichoma, kwa sababu lilinikumbusha "Usimwambie Anti." Mtoto hakuogopa kusema, aliogopa yatakayofuata baada ya kusema.

Mshukiwa alipewa nafasi ya kujieleza? Msimamizi anailinda haki ya pande zote. Kuna wafanyakazi wanaosingiziwa, na mtu aliyesimamishwa kazi kwa muda hajahukumiwa. Uchunguzi mzuri ndio unaomsafisha asiye na hatia. Ule wa kulipua humwacha na doa maisha yake yote.

Na mwisho, unasema "haijathibitika". Je, una maana jambo halikutokea, au una maana hukupata cha kutosha? Hayo mawili si ndugu. Faili la kwanza unaweza kulifunga. La pili unapaswa kuliacha na jicho wazi.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliuliza, "Na msimamizi naye akilala?" Kicheko kilipasuka ukumbini, lakini Bi. Afisa hakucheka. Alisema ndiyo maana kuna mahakama, kuna Baraza la Kitaifa, kuna magazeti, kuna wananchi. Hakuna mlinzi asiyehitaji mlinzi.

Pale ambapo hawakusikia

Ukitaka kujua thamani ya kitu, tazama pale kilipokosekana.

Huko Ireland kulikuwa na shule za bweni za watoto maskini na mayatima, nyingi zikiendeshwa na mashirika ya kidini. Kwa miongo mingi watoto walipigwa na kudhulumiwa humo. Ripoti ya tume iliyochunguza mambo hayo, inayojulikana kwa jina la Jaji Ryan, ilitolewa Mei 2009. Wakaguzi wa serikali walikuwapo miaka yote hiyo! Walikwenda, walitazama, waliandika. Lakini ziara zao zilijulikana mapema na ni nadra waliposema na watoto. Ukaguzi bila sauti ya mtoto ni sawa na kupika bila moto.

Usidhani ni huko ng'ambo tu. Mwaka 2008 Mmarekani Gregory Dow na mkewe walifungua makao ya watoto huko Boito, Bomet. Alijulikana kama mtu wa dini na mfadhili. Visa vya wasichana kudhulumiwa vilipofichuka mwaka 2017, alitoroka Kenya. Mwaka 2020 alikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani, na Februari 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8. La kusikitisha ni kwamba alikuwa amewahi kutiwa hatiani kwao mwaka 1996 kwa kosa la shambulio lenye nia ya dhuluma ya kingono. Kabla hajakabidhiwa mtoto hata mmoja, karatasi moja kutoka kwao ingetosha kumfungia lango.

Mwingine, Matthew Durham, alikuja kama kijana wa kujitolea katika makao yaliyo karibu na Nairobi mwaka 2014. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 huko Oklahoma kwa kuwadhulumu watoto wa makao hayo. Usikae ukisema "wageni hawa". Wenyeji pia wapo, tena wengi. Nimewataja hawa wawili kwa sababu kesi zao zilifika mwisho na majina yao yako hadharani.

Kuna pia mfano wa kutia moyo, na unamhusu mtu wa Ukambani. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la SOS Children's Villages, ambalo lina vijiji vya watoto hata hapa Kenya, lilikiri kwamba kulikuwa na visa vya dhuluma katika baadhi ya nchi, likaunda tume huru ichunguze. Mwenyekiti wake alikuwa Dkt. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu wa zamani na mzaliwa wa Kitui. Ripoti ya mwisho ilitoka mwaka 2023. Somo ni hili: shirika lilitafuta mtu wa nje. Mgonjwa hajipimi homa mwenyewe.

Mambo yanabadilika

Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ulizinduliwa mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarejesha watoto polepole katika familia: kwa wazazi wao ikiwezekana, kwa jamaa, au kwa familia za kambo zinazosimamiwa. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 40,000 nchini wamekuwa wakiishi katika makao, na wengi wao wana mzazi au jamaa aliye hai. Umaskini ndio uliowaleta pale, wala si uyatima. Mimi naona hili ni jambo jema, ila nalo lina kazi yake. Mtoto akirudi kijijini bado kuna mtu anayepaswa kupanda pikipiki kwenda kuona amelalaje.

Sisi wa bweni nasi tusijidanganye. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, kuwe na mlango wa dharura, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya angalau mita 1.2. Usiku wa leo, kabla hujalala, hebu pima kwa hatua zako. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza marufuku hayo. Mtoto wa makao na mwanafunzi wa bweni wanalala chini ya paa za watu wengine, na wote wawili wana haki ya kuuliza funguo ziko kwa nani.

Wewe ufanye nini?

Mtoto akikuambia jambo, msikilize bila kushtuka usoni. Usimwahidi kuweka siri. Mwambie utamtafuta mtu mzima anayeweza kusaidia. Usimhoji, usimpige picha, usitume habari zake katika makundi ya simu. Sheria inakataza kutangaza utambulisho wa mtoto aliye katika kesi, na ndiyo maana sikuyataja makao yale. Ningeyataja, kila mtu mjini angeanza kumtafuta "yule mtoto wa sweta". Usimkabili mshukiwa, utampa nafasi ya kujiandaa. Andika ulichosikia kwa maneno yale yale, tia tarehe. Kisha mwambie mwalimu unayemwamini, au nenda kwa afisa wa watoto, kwa chifu, kwa kituo cha polisi. Namba ya simu 116 ni ya bure na hupokewa usiku na mchana. Na kama wa kwanza hakusikii, mwambie wa pili. Ukifanya hivyo si umbeya, wala si kuharibu jina la mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tamati

Utaniuliza, mtoto yule yuko wapi? Sijui. Niliporudi ofisini kuuliza, Bi. Afisa aliniambia mambo mawili tu: kwamba taarifa yangu ilishughulikiwa, na kwamba mengine si yangu kuyajua. Mwanzoni nilikasirika, bwana. Mimi ndiye niliyesema! Baadaye nikaelewa kwamba siri ile inayonifungia mimi mlango ndiyo inayomlinda yeye. Maisha yake si hadithi niliyoianzisha mimi, kwamba lazima nione mwisho wake.

Ninachokijua ni hesabu yangu mwenyewe. Katika fomu ya afisa kuna mahali pa kuandika tarehe mtoto aliposema, na mahali pa kuandika tarehe taarifa ilipofika. Msimamizi akifungua faili lile ataona siku kumi kati ya tarehe hizo mbili. Atauliza, kama ilivyo kazi yake, nani alikuwa akingoja nini. Jibu ni mimi. Nimeandika makala haya, ndugu msomaji, ili siku yako ikifika, hesabu yako iwe fupi kuliko yangu.